Mama Mvua, Mjenzi wa Chemchemi

Ndugu waombolezaji, alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa kumi na moja na robo, Mwenyezi Mungu alimwita mama yetu, dada yetu na fundi wetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Mvua, na kwa kuwa jina hilo lina kisa chake, familia imeona kisomwe mbele yenu, maana marehemu alikipenda kuliko sifa zote alizowahi kupewa.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, fundi mwashi, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuchagua mabomba, jambo lililomkera baba mdogo, ambaye kila akija alisema mtoto wa kike na mabomba wapi na wapi, naye baba akamjibu kwamba maji hayaulizi aliyeyafungulia ni nani.

Mwaka 1976 alianza kazi pamoja na baba yake, wakijenga vijichemchemi vya bustani, mitungi inayofurika juu ya kokoto na simba wa saruji wanaotema maji ukutani. Baba alipopewa kazi ya chemchemi kubwa ya uwanja ulio mbele ya ofisi za jiji, magoti yakiwa yameshachoka, alimkabidhi bintiye kazi hiyo mbele ya ukoo mzima, akatamka kwamba jina lake la ufundi ameliweka katika mikono hiyo.

Siku ya uzinduzi, Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1983, marehemu, kwa furaha ya ujana, aliongeza nguvu ya pampu ili maji yaonekane toka mtaa wa pili, akasahau alichofundishwa, kwamba maji yasipande kuliko upana wa bwawa linaloyapokea, upepo ukavuma, na wageni wa heshima, kwaya na bendi nzima wakalowa chapachapa. Baba mdogo hakuchelewa, akasema, "Si nilisema? Kaka, umempa mtoto jina lako, yeye kaliosha mpaka limepauka!" Naye mpiga tarumbeta mmoja, aliyelowa hadi soksi, alikigeuza chombo chake, maji yakamwagika, akamwambia, "Dada, nilikuja na tarumbeta, naondoka na birika." Watu wakaangua kicheko, na jina la Mama Mvua likaanzia hapo, kwa kejeli.

Jina la baba yake lilimuuma kuliko vicheko, hivyo marehemu akaomba nafasi ya kurekebisha. Aliambiwa apunguze pampu yaishe, lakini hakutaka uwanja mkubwa namna ile ubaki na uzi mwembamba wa maji, akaibadilisha midomo ya mabomba, akaweka mipana inayovuta hewa pamoja na maji, yakatoka mazito na meupe kama pamba, si marefu kama mwanzo, ila upepo ukayashindwa. Msimu wa upepo mkali ulipofika, baba alivaa suti yake ya kanisani, akajikongoja hadi uwanjani, akaketi ukingoni upande upepo unakoelekea, mchana kutwa, akainuka mkavu, kisha akapitia kwa baba mdogo na kumshikisha koti, ajionee lilivyo kavu. Tangu siku hiyo kazi hazikukatika, za hoteli, za shule, hadi chemchemi zinazocheza kwa muziki, na marehemu akaliandika jina la Mama Mvua kwa rangi ubavuni mwa gari lake, baba mdogo akiwa wa kwanza kutamba mitaani kwamba yule ni damu yake.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na yule mpiga tarumbeta, aliyemwambia mchungaji kwamba yeye alishabatizwa na bibi harusi, nao wakajaliwa binti mwaka 1988, ambaye ni fundi kama mama yake, na kijana mwaka 1991.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2023. Akiwa wodini alimsimamia bintiye kujenga chemchemi ndogo katika ua wa hospitali, na wagonjwa walipolalamika kwamba mlio wa maji unawapeleka msalani kila mara, alicheka mpaka akashika ubavu, akaagiza liwekwe bamba la jiwe, maji yateleze badala ya kudondoka. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake, waliotaka kuzima chemchemi ya uwanjani kwa heshima ya msiba, nasi tukawasihi waiache. Leo asubuhi tumepita pale na jeneza, upepo ukiwa mkali, na katika msafara mzima hakuna aliyelowa.

Ee Bwana, uliyeumba maji na upepo, mpokee mtumishi wako, umsamehe alipokosea, umpe pumziko la amani kwako milele. Amina.