Mkuyu wa Alama Tatu

Kijiwe cha kahawa cha Tuamizigo, mji mdogo kwenye njia ya zamani ya misafara ya Tabora, kinatazamana na mkuyu wenye alama tatu: X nyekundu ya watu wa umeme, namba nyeupe ya halmashauri, na duara la bluu ambalo hakuna aliyemwona mchoraji wake. Mkuyu umeiinamia nyumba ya Awadhi, fundi charahani, na tawi lake kubwa limelala juu ya waya wa umeme unaopita karibu na bati. Chini ya bati hilo analala Tunu, binti yake, mzazi wa siku thelathini na moja, anasubiri arobaini ndipo atoke na mtoto. Kila asubuhi Awadhi hupanda stuli, akapima kwa futi yake ya kushonea nafasi iliyobaki kati ya tawi na bati. Leo alipima mara mbili, kisha akaja kukaa bila kumsalimia mtu.

— Fundi, leo ngapi? aliuliza Diwani. Jina hilo alilipata kwa kugombea mara mbili na kuangushwa mara mbili.

— Ile ile.

Uongo mtupu. Jana zilikuwa inchi kumi na moja, leo saba, na usiku kucha haukuvuma upepo hata wa kuzima kibatari.

— Unajikongoja tu huo, alisema Diwani. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kisheria umo ndani ya mkuza, alisema Injinia, ambaye aliwahi kumshikia ngazi fundi wa umeme. Ile njia iliyopimwa chini ya waya. Kwa hiyo matawi ni ya watu wa umeme, shina la halmashauri.

— Na mizizi? aliuliza Masolwa, muuza kahawa.

— Mizizi... hiyo iko wizarani.

— Fundi, kwani barua yako ya tatu haijajibiwa? aliuliza Masolwa.

— Imejibiwa, alisema Awadhi. Halmashauri wanataka umeme uzimwe kwanza. Watu wa umeme wanataka kibali cha halmashauri kwanza.

— Watakuja tu, bwana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Wamekuja mara mbili, Diwani. Wakapaka rangi, wakaondoka. Na kila wakipaka, unazidi kuinama.

Tangu juzi sisimizi walikuwa wakishuka shinani kwa mstari mmoja, wamebeba mayai yao, na hakuna hata mmoja aliyeonekana akipanda.

— Mimi nawaambia, alisema Masolwa, akishusha sauti. Babu yake babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara. Hapa ndipo walipotua mizigo, wakapumzika, wakajitwika tena. Mmoja alitua, hakuamka. Wakamzika palepale, wakachomeka fimbo yake juu. Ndiyo hiyo imeota. Sasa mtazameni: mpagazi akitaka kujitwika, si huinama hivyo hivyo?

— Ajitwike nini, mtu alishakufa? aliuliza Injinia.

Hakuna aliyeitazama nyumba. Awadhi aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele ya wenzake.

Hapo akafika Spesioza, mama wa Ulyankulu anayeleta asali sokoni. Akaitua ndoo yake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

Masolwa akamsimulia yote, kuanzia alama mpaka fimbo. Mama alisikiliza akiutazama mkuyu, halafu nyumba.

— Samahani, wazee wangu. Huyo mzazi na mtoto wake, kwa nini hamkuwahamisha?

Diwani alitafuta methali, akakosa. Awadhi alitaka kusema arobaini haijatimia, mama yake Tunu angeng'aka, barua ya nne iko njiani. Siku thelathini na moja alikuwa akipima tu, na futi ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake.

Aliinuka, akavuka barabara mbio, akausukuma mlango wa chumba. Haukufunguka. Akaupiga bega. Chini, mzizi wa mkuyu ulikuwa umekinyanyua kizingiti, kimeubana mlango. Juu, bati likalia polepole, na upepo hakuna.

— Baba, aliita Tunu kutoka ndani, mbona leo umetufungia kwa nje?