Kitambaa Cheupe Nyuma ya Gari

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Sauti yangu ni ndogo, mlioketi nyuma mnivumilie. Sijawahi kusimama hapa mbele. Mke wangu Truphena ndiye aliyekuwa akisimama, mimi nikimshikia mkoba. Leo nasimama kwa sababu nikinyamaza nitakuwa nimemwibia Mungu sifa zake.

Wengi mnanijua, mimi ni Baba Nekesa wa Kaloleni, ninayesambaza mkate madukani. Kreti zikijaa nyuma ya gari, kioo cha ndani hakinionyeshi kitu. Na nyumba zetu za kaunsili mnazijua. Njia ya kuingilia kwangu ni nyembamba, upande huu ua, upande ule mtaro ulio wazi. Gari lazima liingie kinyumenyume.

Miaka yote Truphena ndiye aliyeniingiza. Akisikia gari, anatoka jikoni na kitambaa chake cheupe cha umoja wa akina mama kichwani, anasimama nyuma. "Kuja, kuja, kuja! Kata kidogo. Kuja!" Nikifika, anapiga buti la gari mara mbili kwa kiganja. Hapo najua niko nyumbani. Miguu yake ilipoanza kuvimba, nilikwenda Kariobangi nikafungiwa kamera ya rivasi, ile ya kuonyesha nyuma ya gari, ili asisimame tena kwenye baridi. Aliitazama, akacheka. "Kwa hivyo mimi nimefutwa kazi?"

Mchana kamera ile inaona hata unyoya wa kuku. Usiku, ndugu zangu, ni balaa! Skrini inajaa chembechembe zinazotembea kama siafu, ua na mtaro vyote rangi moja. Fundi aliniambia, "Mzee, hii ni kamera ya mchana. Usiku inabahatisha tu. Na taa zako za rivasi zimechoka. Nikuwekee balbu zenye nguvu?" Nikamwambia siku nyingine.

Kisha Truphena akalala. Tulimzika nyumbani, Bungoma. Watu walikuja, wakalia nasi, wakarudi kwao. Nekesa, binti yetu, akarudi kwa mumewe Mombasa. Nami nikarudi Kaloleni. Sitaki kuongeza chumvi. Sikulewa. Sikumlaani Mungu. Nilinyamaza tu. Niliacha ibada ya Jumatano, kisha nikaacha ya Jumapili. Majirani wakinisalimu naitikia huku natembea. Kwenye gari nilifunga vioo vyote hadi juu na kuwasha redio, si kwa kuisikiliza, bali nisisikie kimya cha ile njia wakati wa kurudi nyuma.

Jioni moja, giza limeshaingia, niliweka rivasi nikaona kitu. Katikati ya wale siafu kulikuwa na weupe, kimo cha kichwa cha mtu. Nikarudi nyuma, nao ukarudi. Nikasimama, nao ukasimama, kisha ukapotelea upande.

Ndugu zangu, najua wafu hawarudi kuongoza magari. Nimefundishwa hapa hapa. Lakini moyo wa aliyefiwa hauingii darasani. Nilisema, "Truphena." Kesho yake weupe ulikuwepo. Na kesho kutwa. Sasa mnajua kwa nini sikurudi kwa fundi. Niliogopa balbu! Niliogopa hata kugeuza kichwa, nisije nikageuka nikakuta hakuna mtu. Ile picha mbovu ndiyo iliyokuwa imebaki ya ndoa yangu. Nikishafika niliacha gia kwenye rivasi, mguu kwenye breki, nikitazama siafu mpaka macho yaume. Halafu naingia ndani, nalala bila kula.

Basi ikaja jioni ambayo weupe haukutokea. Nikangoja. Nikafuta skrini kwa mkono wa sweta. Hakuna kitu. Ndipo nikaomba, maombi yangu ya kwanza tangu mazishi, na hayakuwa mazuri. "Mungu, hata hiki umechukua?" Nikazima redio. Nikazima gari. Na katika kile kimya nilichokuwa nikikikimbia, nikasikia mtu akikohoa kama anayekosa pumzi.

Nikashuka. Mlango wa jirani yangu, Mama Mutua, ulikuwa wazi nusu. Yeye ni mjane, mtu wa Machakos, na tumetenganishwa na ua tu. Nilimkuta sakafuni karibu na mlango, kifua kinapiga filimbi, midomo imebadilika rangi. Kiatu kimoja alikuwa amevaa, cha pili alikuwa amekishika mkononi. Na kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama.

Hata hapo sikuelewa. Nilimbeba, nikamweka kiti cha mbele, nikakimbia naye hospitali. Daktari alisema tungekawia kidogo, angetuacha.

Alipoweza kusema, aliniuliza, "Baba Nekesa, leo nani amekuingiza?"

Nikaketi chini palepale wodini. "Ni wewe?"

"Sasa ulidhani ni nani? Truphena aliniomba akiwa kitandani. Alisema ile kamera usiku ni kipofu, na wewe kuomba mtu hujui. Kila jioni nakuita kuja, kuja, mpaka sauti inakauka, na wewe umefunga vioo kama mtu amebeba pesa za benki!"

"Na mbona hukuwa ukipiga buti?"

"Hiyo ilikuwa yake, Baba Nekesa. Siwezi kuichukua."

Haleluya! Nililia mbele ya wagonjwa, ndugu zangu, mimi ambaye sikulia kaburini.

Sikuona malaika, wala sitasema nilimwona. Mke wangu hakurudi. Siwezi kuwadanganya kwamba uchungu umeisha, maana asubuhi bado namimina chai vikombe viwili. Lakini Mungu alinifungua kutoka kwenye ule upweke niliojifungia kwa mikono yangu. Nilikuwa nikiitwa kila jioni, na nilidhani niko peke yangu! Yeye aliyenitumia yule mama ndiye aliyenyamazisha redio yangu ili nimsikie akikohoa.

Balbu nimeweka. Jioni ya kwanza nilitazama skrini nikaona ua, mtaro, na beseni la Mama Mutua. Truphena hakuwepo. Nililia tena, kisha nikaingia ndani nikapika.

Mama Mutua yule pale, karibu na dirisha. Mwombeeni kifua chake. Nimemkataza kusimama nje kwenye baridi. Nilimwambia sasa naona vizuri, lakini hasikii, anaketi mlangoni kwake na kuita kutoka pale.

Ndugu uliyefiwa, dada unayerudi kwenye nyumba yenye kimya, mtumaini Bwana. Sijui atamtuma nani kwako, lakini teremsha kioo, hata kama nje ni baridi. Jana nilifika jioni, nikateremsha cha kwangu. "Kuja, Baba Nekesa," akaita. "Kuja, kuja!"

Nami nikaja. Bwana asifiwe.