Risasi za Harusi ya Aflah

Baraza yetu ilikuwa ukuta mfupi wa udongo ulioegemea nyumba ya baba mkwe wangu, hapa Maskati, upande unaopata kivuli baada ya sala ya alasiri. Mume wangu alikuwa Kuweiti kwenye kazi, nami kazi yangu ilikuwa kupika kahawa na kuipitisha mlangoni. Nikimaliza hukaa nyuma ya mlango na mwanangu Shaikha mapajani, nikasikiliza. Wazee walikuwa watatu, wote tulikuja nao kutoka Unguja baada ya fujo za mwaka sitini na nne. Baba mkwe wangu, Mzee Ghanim, walimwita Mizani, kwa sababu kwao alikuwa mpimaji wa karafuu bandarini. Majid walimwita Redio, maana alilala na redio sikioni na kila habari aliisikia yeye mwanzo. Na Yaarub walimwita Sivyo, kwa kuwa hata ukimwambia jua limekuchwa, atatoka nje kuhakikisha. Wa nne hakuwa na jina la baraza. Huyo ni Aflah, kijana mshoni wa kanzu, aliyekula kwetu tangu tulipofika, kwani hakuwa na mtu. Baba yake, Bwana Nasor wa Dole, tulimwacha Unguja, na habari yake haikutufikia tena.

Sasa Aflah anaoa. Bibi harusi, Kheiria, ni wa Al-Khoudh, kule kwenye mitende. Na watu wa Kheiria wana desturi yao: msafara wa bwana harusi hausogei nyumbani kwa mke mpaka upande wa mume uvunje kwa risasi jiwe jeupe lililowekwa juu ya kilima. Wakishindwa, ndoa hufungwa vilevile, lakini bwana harusi huingizwa kwa mlango wa mbuzi, na maneno hayo watoto wake watayasikia mpaka wazeeke.

Basi ule mchana walitandika mkeka barazani. Juu yake bunduki ya kuazima, kopo la baruti, na maganda ya risasi, ya shaba, yaliyokwisha kupigwa zamani, yanangoja kujazwa upya.

Mizani: Hebu tulieni. Bunduki tunayo. Martini hii ni ya kale, lakini mtutu wake umenyooka kama alifu.

Sivyo: Sivyo. Alifu haina kutu. Kaazime ile ya risasi tano. Ukikosa ya kwanza, unazo nne za kuombea radhi.

Mizani: Yakhe, risasi tano ni za mtu asiyejiamini. Mwanamume hupiga moja, akaenda kula.

Redio: Nimesikia redioni, Wazungu wakipiga shabaha hulala kifudifudi kwenye godoro.

Sivyo: Kwa nini walale?

Redio: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mizani: Jiwe liko kilimani, Majid! Nani kakwambia liko mvunguni?

Redio: Ndo mana wanalala, wapate kuona juu.

Nilicheka mpaka Shaikha akaamka. Aflah naye alitabasamu, lakini kahawa yake ilipoa mkononi bila ya kunywewa. Mtu anayekula kwako miaka yote unamjua akiwa na jambo.

Baba mkwe wangu alianza kazi. Kila ganda alilitoa kwa msumari fataki iliyoungua kitakoni, akaweka fataki mpya. Risasi yenyewe walikuwa wameshaiyeyusha jikoni kwangu na kuimimina kwenye kalibu, na sufuria yangu ile sikuipikia tena. Kisha akatoa mizani yake ndogo, aliyokuja nayo kutoka Unguja ndani ya kanzu, akaanza kupima baruti.

Sivyo: Tia zaidi.

Mizani: Imetosha. Ulimi wa mizani umesimama.

Sivyo: Haba na haba hujaza kibaba. Tia!

Mizani: Kibaba! We unataka kuvunja jiwe, au unataka kuivunja Al-Khoudh?

Redio: Na hiyo risasi nyepesi. Risasi nzito ndiyo inayopata.

Mizani: Nzito inakwenda polepole.

Redio: Ndiyo. Haraka haraka haina baraka.

Sivyo: Hapo kasema kweli.

Mizani: Leo we ndo umekubali? Kwa hilo?

Sivyo: Nnakubali kwa sababu nyingine. Hewa ya huku nyepesi. Haina kitu ndani. Hewa ya Unguja, msimu wa kuanika, ilikuwa nzito kwa karafuu, risasi ilikuwa inaelea. Ukipiga Dole, inakwenda mpaka unachoka kuingoja.

Redio: Wallahi. Hata mzinga wa Idi kule ulisikika mpaka Bagamoyo. Huku ukipigwa, jirani anauliza, nani kaangusha sinia?

Mizani: Na moshi wake! Mnaukumbuka moshi wake? Nilikuwa nikimchukua mwanangu begani, tunasimama Forodhani, ukija ule moshi anakohoa na kucheka. Nguo mpya zote zinanuka baruti na udi.

Huyo mwana aliyekuwa begani ndiye mume wangu. Kama haya yangenikuta mimi peke yangu ningelia, lakini barazani Redio hakumwacha mtu alie.

Redio: Halafu mnasahau, dunia inazunguka. Risasi ikiwa hewani, kilima kishahama. Inatakiwa ulenge pale jiwe litakapokuwepo.

Sivyo: Sivyo. Dunia ikizunguka, nasi tunazunguka nayo.

Redio: Sie ndiyo. Risasi haina miguu.

Mizani: Ya Rabbi! Na bibi harusi je, naye atakuwa kahama?

Ndipo Redio akamtaja Bwana Nasor. Akasema hao Wazungu wa redioni si wapigaji. Mpigaji alikuwa Nasor wa Dole, aliyekuwa akiangua dafu kwa risasi moja, akalikata kikonyoni, na maji yasimwagike hata tone.

Sivyo: Sivyo. Yalimwagika kidogo. Mie nilikuwa chini yake.

Mizani: Na siri yake mnaijua? Nta. Ganda likishajazwa, hupaka mdomoni nta ya nyuki na mafuta ya nazi kidogo, risasi ikashika humo. Unyevu hauingii. Mvua ya masika inyeshe itakavyo, baruti yake kavu.

Redio: Basi nasi tuzibe kwa nta.

Sivyo: Tuzibe.

Sijapata kuwaona wakiafikiana vile. Nta niliwatafutia mimi kwa mama mmoja anayetengeneza mishumaa, na mafuta ya nazi yalikuwa yale ya nywele za Shaikha. Walipaka kwa vidole, wazee wale, taratibu, kama wanaompaka mtoto wanja. Kila ganda likipita mkononi mwa Aflah aliligusa, akalirudisha. Mwisho wakazipanga risasi zao kwenye sinia, wakaniambia nizipandishe juu ya sakafu ya paa zipigwe na jua, zikauke vizuri. Kule kwetu kila kitu kilianikwa.

Kesho yake baada ya alasiri nilipanda kuziteremsha. Sinia lenyewe nililishika kwa nguo, kwa moto wake. Hii ilikuwa Juni ya Maskati. Nta yote ilikuwa imeyeyuka, imeteremkia ndani na kuikoroga baruti ikawa kama uji wa mtama uliochacha, na risasi zimejilaza ovyo, nyingine zimetoka kabisa kwenye maganda yake. Niliwapitishia sinia mlangoni.

Redio: Zimekufa.

Sivyo: Sivyo. Zimelala.

Mizani: Zimekufa, Yaarub. Tumezikinga na mvua isiyokuja.

Baba mkwe wangu alisema hivyo kwa sauti ndogo. Harusi ilikuwa Ijumaa, baruti nyingine haipatikani kwa upesi huo, na kila mmoja alijua nani atakayeulipia uzembe huu. Tukasikia hatua za Aflah anakuja kutoka kazini. Yule Yaarub, mbishi wa wabishi, akavua shali lake begani upesi, akalifunika sinia, akaweka na kikombe juu yake, kama vile hakuna kitu.

Lakini harufu ya nazi na baruti haifunikiki kwa shali. Aflah alisimama, akaona pembe ya sinia, akaona nyuso zao.

Aflah: Msijali, masheikh. Mlango wa mbuzi nao ni mlango.

Alisema kwa kicheko, kuwaonea huruma wao. Mimi nilimbana Shaikha kifuani.

Hawajapata kumjibu, akatokea mzee kwenye njia, amevaa hanjari, mkanda wa risasi kiunoni na bakora nyembamba mkononi. Alikuwa ami yake Kheiria, amekuja kutoka Al-Khoudh. Salamu zilikuwa ndefu, kwa Kiarabu, za afya na habari na jamaa na mvua. Akakaribishwa akakaa karibu na sinia. Akafunua pembe ya shali, akatazama, akanusa.

Mgeni: Hii nazi?

Mizani: Nazi.

Mgeni akairudisha ile pembe ya shali pale pale ilipokuwa, akailaza kwa kiganja. Hakuuliza zaidi, na kwa hilo nilimpenda.

Mgeni: Risasi si neno. Bunduki tutakupeni sisi, na risasi tutakupeni sisi, wageni wetu hawaji na zao. Nimekuja kuuliza kimoja tu. Nani atapiga?

Walitazamana. Walikuwa wamebishana juu ya mtutu, baruti, hewa ya Unguja na mzunguko wa dunia. Jina la atakayepiga halikuwa limetajwa hata mara moja.

Mizani: Yeyote kati yetu, inshallah.

Mgeni: La. Kwetu hupiga baba yake bwana harusi. Ikiwa hayupo, ndugu wa baba yake. Anaposimama yeye, sisi tunajua tunampa binti yetu mtu mwenye watu. Nani wenu?

Aflah alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake. Hapo nikafahamu kahawa ile kwa nini ilikuwa ikipoa mkononi. Alilijua hili tangu siku ya posa. Aliwaacha wazee wamimine risasi yao kwa furaha, na ile hofu akaibeba peke yake.

Aflah: Ami, mimi sina...

Redio: Mimi hapa.

Alisema kwa nguvu mpaka kikombe kikaanguka. Mgeni akamgeukia.

Redio: Mimi ndugu wa baba yake.

Mgeni: Wa baba mmoja?

Redio: Baba mmoja, mama mmoja, ziwa moja.

Mizani: Na mimi.

Sivyo: Na mie.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Redio ni mfupi, masikio yake yanamtangulia. Baba mkwe wangu ni mrefu na mwembamba, anainama akipita mlangoni. Yaarub ana macho ya paka, aliyoyarithi kwa mama yake Mbalushi. Mgeni aliwatazama mmoja mmoja bila ya haraka, kisha akamtazama Aflah, na midomo yake ikatetemeka ndani ya ndevu. Akaweka mkono kifuani.

Mgeni: Mashallah. Baba yako alijaaliwa ndugu, mwanangu. Basi atapiga mkubwa wao. Mkubwa nani?

Mizani: Mimi. Hizi mvi hamzioni?

Redio: Mvi zako za vumbi la karafuu. Mkubwa mimi. Mtazameni mkono, chanda chema huvikwa pete.

Mizani: Pete inahusu nini na umri?

Sivyo: Sivyo nyote wawili! Mie nimekubebeni mgongoni mkiwa mnanyonya.

Mizani: Umenibeba wapi, we uliyezaliwa mimi nishakhitimu juzuu?

Redio: Mama mwenyewe aliniambia, Allah amrehemu, we Majid ndiye wa mwanzo.

Sivyo: Mama yupi?

Mizani: Mama yetu, bwana! Mama yetu!

Mgeni alikunywa kahawa yake yote. Huku mtu aliyetosheka hukitikisa kikombe, ndiyo ishara yake. Yeye hakukitikisa. Alijinafasisha akakunja miguu, akakinyoosha kikombe ajaziwe tena, lakini kwenye dele la kahawa hakukuwa na kitu.

Aflah akaja mlangoni na dele mkononi, uso ameuelekeza ukutani ili nisimwone.

Aflah: Dada Mahfoudha, tuongezee kahawa. Ami zangu hawa leo hawatamaliza.