Mama Mumo na Watoto Waliosifiwa kwa Usingizi

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana, ninyi mlio jikoni, mlio dukani, na ninyi mafundi mliopunguza nyundo kidogo ili mnisikie. Leo sina bashasha. Wiki hii imenichosha, mtaniwia radhi. Tunamkumbuka Muthoki Wathome, mtafiti wa usikivu na lugha ya watoto, aliyefanya kazi Kariobangi na kuishi Njiru. Muthoki Wathome, Mama Mumo, tuliyemzika Jumamosi.

Zamani Muthoki alikuwa muuguzi kijana, ameolewa na Patrobas, dereva wa baraza la jiji. Walipanga chumba Kariobangi, juu ya karakana ya masanduku ya bati. Hapo ndipo alipozaliwa Mumo, kifungua mimba wao. Mtoto alilala fofofo. Mafundi wakigonga, yeye amelala. Jirani akiangusha sufuria, yeye amelala. Mnawajua watu wetu: mtoto asiyeshtushwa na nyundo huitwa mzaliwa halisi wa Kariobangi, na mama yake huonewa wivu. Muthoki naye, muuguzi mzima, alizifurahia sifa hizo.

Mumo alikaribia miaka minne bila kutamka neno. Alipopimwa, ikabainika kwamba hakuwa akisikia tangu kuzaliwa. Patrobas aliniambia mkewe hakulia siku ile. Alimtazama tu mtoto akila, kisha akasema, "Miaka yote hii hana lugha. Hata ya kuniambia anaumwa wapi."

Hilo ndilo lililomuuma, wasikilizaji. Si uziwi wenyewe. Ni ile miaka ya mwanzo, mtoto anaposhika lugha, iwe ya mdomo au ya ishara, kupita bure. Basi akarudi chuoni, akasomea usikivu. Kisha akarudi Kariobangi na swali lake: mbona watoto wasiosikia wa huku wanagunduliwa wakiwa wakubwa kuliko wale wa Donholm, mtaa usio na kelele za nyundo, ambako ni hapo tu? Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaketi na akina mama. Jibu likawa lile lile. Kliniki iliuliza kama mtoto hushtuka kwa kelele. Mama akajibu kwa fahari kwamba hashtuki, ameshazoea. Wakamwamini, wakaendelea na chanjo.

Alichotaka Muthoki ni kila mtoto apimwe masikio siku ya chanjo. Basi. Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Mtoto akiwa amelala, kinatiwa sikioni, kinatoa mlio mdogo, halafu kinasikiliza kama sikio linaitikia. Kinahitaji kimya tu, na kimya Kariobangi utakipata wapi? Alikuwa akipita kuwabembeleza mafundi waweke nyundo chini kidogo. Wengine walikubali. Wengine walimuuliza nani atawalishia watoto wao. Wakubwa nao walimwita vikaoni, wakamsifu, wakanywa chai, wakaondoka. Mpango ukabaki wa majaribio mwaka nenda mwaka rudi: Muthoki, msaidizi wake Owuor, na kifaa kimoja.

"Alikuwa anarudi hapa amechoka mpaka anasinzia sahani ikiwa mapajani," Patrobas aliniambia. "Nikimwambia apumzike, ananiuliza kama kesho si siku ya chanjo."

Mumo sasa ni fundi wa makochi. Alizungumza nami kwa ishara, dada yake Kasiva akanitafsiria. "Mama alikuwa bado ananiomba msamaha," alisema. "Nilimwambia aache. Mikono yake ilikuwa imechoka."

Moyo wa Muthoki ulisimama Jumanne ya wiki iliyopita. Siku mbili baadaye matanga yamejaa Njiru, kwaya ya kanisa inaimba, akaingia mama kijana kutoka Kariobangi, Jacklyne, na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa ameahidiwa kupimiwa mtoto, akakuta chumba cha kliniki kimefungwa, akaelekezwa nyumbani. Hakujua kuna msiba. Alipoona hema alitaka kugeuka, Patrobas akamuuliza shida yake.

"Ni huyu mtoi wangu," Jacklyne akasema kwa aibu. "Analala hata wakigonga mabati. Majirani kwa ploti wananiambia nina bahati. Lakini Mama Mumo aliniambia nisifurahie mapema, nimlete."

Kifaa kilikuwa chumbani, ndani ya begi la marehemu. Patrobas akamwita Owuor, kisha akaiendea kwaya akaomba wanyamaze. Wazee wakanung'unika. Matanga bila nyimbo ni aibu kwetu, majirani watasema marehemu hakupendwa. Patrobas akarudia: "Naomba mnyamaze. Kuna mtoto anapimwa."

Kwaya ikanyamaza. Jenereta ikazimwa, wapishi wakaacha sufuria zao. Mumo akasimama mlangoni kuzuia watu. Jacklyne akanyonyesha, mtoto akalala. Owuor akapima sikio la kulia, akapima la kushoto, akarudia yote mawili. Hakuna sikio lililoitikia.

Owuor alimweleza Jacklyne taratibu kwamba hiyo si hukumu, ampeleke hospitali kwa vipimo zaidi. Jana Jacklyne alinipigia simu hapa studioni. Vipimo vimethibitisha. Binti yake hasikii. Alilia.

Patrobas, Mumo, Kasiva, poleni sana. Mungu awape nguvu, maana sisi wengine tumebaki na maneno tu. Na wewe unayenisikiliza, ukimsifu mtoto wa jirani kwa usingizi wake, mwambie pia mama yake ampeleke akapimwe. Tutafakari hilo, wapendwa. Chumba cha kliniki bado kimefungwa, na Owuor yuko peke yake.

Lakini Jacklyne aliniambia jambo jingine kabla ya kukata simu. Kila jioni Mumo akitoka kazini hupita kwake kumfundisha ishara. Juzi alikuwa akimwonyesha ishara ya maziwa. Mtoto ana miezi miwili tu, na aliitazama ile mikono muda mrefu, hakutaka kulala.