Mchi wa Ngoma ya Gogo

Kwenye gari la kupanda milima ya Mokokchung niliketi katikati ya abiria wawili. Kulia kwangu Tekatemjen, shemasi wa Kibaptisti aliyejitambulisha kabla gari halijawashwa. Kushoto bibi Alemchila, amepakata mchi wa kupigia ngoma ya gogo, ile ya mti mzima uliochongwa.

Shemasi aliuliza mchi ni wa nini. "Wa sherehe ya kesho," bibi akasema. "Miaka mia tangu mmisionari aingie kijijini kwetu. Nitampigia ngoma."

"Bibi, yeye mwenyewe aliikataza. Alisema ni ya mizimu. Maisha yake yote alipambana nayo."

"Maisha aliyapatia wapi? Alikuja na homa, akaanguka matopeni chini ya lango la kijiji. Babu yangu akapiga ngoma, watu wakatoka mashambani, wakambeba. Isingelia, leo ungehubiri nini?"

Shemasi alifungua dirisha, ingawa mvua ilikuwa inanyesha. "Utatengwa. Meza ya Bwana hutaigusa."

"Nitakaa nyuma. Nilikaa nyuma kabla hujazaliwa."

"Basi nitasimama mbele ya hiyo ngoma."

"Simama, mwanangu. Ila usiiegemee, inatetemesha meno."

Nilitazama viatu vyangu ili nisicheke.

Gari likasimama kwenye lango hilo la kijiji. Wazee wa kanisa walikuwa wamejipanga na miavuli kumlaki shemasi wao. Bibi akaupitisha mchi juu ya mapaja yangu hadi kwa shemasi. "Nishikie, baba. Magoti haya hayashuki na mzigo."

Shemasi ni mtu wa adabu. Akaupokea, akashuka nao, na wazee wote wakamwona.