Aliyeandika Mafiga Ni Huyu Tunayemzika

Ndugu, jamaa na majirani, wasifu huu nimeuandika mimi, dada yake mkubwa, fundi cherehani. Kikao cha familia kiliniomba nipunguze makali. Nimepunguza; haya mtakayosikia ndiyo yaliyobaki.

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa hayati baba yetu, fundi simu, na mama yetu, ambaye tuko naye hapa mbele.

Alianza shule ya msingi Januari 1986. Akiwa darasa la nne, daftari lake la hesabu lililowa mvua likawa uji. Mwalimu alipoinua fimbo, yeye akaomba dakika kumi, akatimua mbio hadi kwa jirani, akarudi na daftari jingine lenye hesabu zilezile kwa mwandiko uleule. La tatu lilikuwa kwa bibi. Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo tulimwita Nakala. Alimaliza sekondari mwaka 1996, na mwaka 1999 akapata stashahada ya kompyuta.

Mwaka 2001 aliajiriwa katika masjala ya hospitali, chumba cha chini kilichojaa kabati za chuma. Mei 2009 bomba lilipasuka juu ya kabati hizo na mafaili ya wagonjwa yakaoza. Mama mmoja alikuja kuuliza ni dawa gani ile iliyokuwa ikimdhuru mwanawe, maana alikuwa amelisahau jina lake. Hakuna aliyeweza kumjibu. Marehemu alirudi nyumbani hakula, akaanza kuandika.

Alichokiandika ni programu ya kompyuta inayolikata faili vipande kumi, kuvifunga kwa ufunguo wa mwenye faili, na kuvitawanya kwenye kompyuta kumi zilizo mahali mbalimbali. Anayeiba kimoja hasomi kitu. Vikipatikana vitatu vyovyote, pamoja na ufunguo, faili linarudi zima. Aliiita Mafiga, yale mawe matatu ya jikoni, kwa kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Kisha akaiacha wazi, yeyote aisome, aitumie na kuirekebisha bure.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi wa wodi ya watoto, wakajaliwa mabinti wawili. Nyumba yao ilikuwa na furaha na nyaya nyingi mno sakafuni. Wifi alijikwaa kila siku na hakuwahi kulalamika mbele ya wageni.

Sasa kuna mwenzake waliyekaa naye meza moja kule masjala. Marehemu aliniasa nisimtaje jina, nami simtaji. Yuko mstari wa pili, suti ya kijivu, na kwa sasa anatazama viatu vyake. Mtu huyu alikula kwetu na kulala kwetu. Mwaka 2015 aliichukua Mafiga, akafuta jina la marehemu kila lilipokuwa, akaandika lake, akaipa programu jina jipya na kuziuzia hospitali. Tena akaziba mlango wa kutokea: aliyeweka mafaili yake humo hakuweza kuyahamishia kwingine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Haraka yake ilimwaibisha, lakini aibu hiyo haikutosha kumzuia. Marehemu alikuwa na sentensi moja ya kujaribia programu: “Mama anasinzia mbele ya redio, na akiulizwa anasema anasikiliza.” Siku bwana huyu alipoonyesha “uvumbuzi wake” mbele ya madaktari, sentensi hiyo, ambayo alisahau kuifuta, ikatokea ukutani kwa herufi kubwa. Daktari mmoja akauliza ni mama wa nani. Akajibu, “Wangu.” Programu labda ningemsamehe. Mama ni wetu sisi wawili.

Nilitafuta wakili. Marehemu akakataa.

“Dada, kesi itakula miaka, na mimi nina kazi.”

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2021. Siku tatu kwa wiki alilala wodi ya figo, kitanda namba sita, mkono mmoja kwenye mashine ya kusafisha damu, mwingine kwenye kompyuta. Humo ndimo lilimozaliwa toleo la nne la Mafiga. Orodha ya mabadiliko aliiweka hadharani, kama ilivyo desturi ya kazi hizo, na ndani yake mlikuwa na mstari huu: “Mwenye ufunguo ataweza kuyatoa mafaili yake kwenye programu yoyote iliyonakiliwa kutoka Mafiga, bila kuomba ruhusa ya mtu.” Bwana wa suti aliusoma.

Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, alifika wodini na mfuko wa machungwa. Nilikuwepo, nikitia vifungo kwenye gauni la binti mdogo.

“Kaka, tuyamalize kifamilia,” alisema. “Ukilitoa hilo toleo, wateja wangu wote wanaondoka.”

“Nimekusikia,” marehemu alimjibu. “Hebu nisogezee hiyo kompyuta. Mkono huu una sindano.”

Akamsogezea kwa mikono yake mwenyewe, na mto akamwekea vizuri. Marehemu akabonyeza mara moja, akasubiri kidogo.

“Asante,” alisema. “Limeshatoka.”

Nilicheka, wauguzi wakageuka. Sijutii hata leo. Ndani ya wiki mbili hospitali kumi na moja zilikuwa zimeyatoa mafaili yao na kumwachia mtu huyu ofisi yenye viti tu. Marehemu alipoelezwa alitikisa kichwa tu na kuuliza kama kuna faili lililopotea. Hakuna. Furaha yote ilikuwa yangu.

Alifariki tarehe 27 Juni 2024, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mama, mjane, mabinti wawili, dada mmoja, na Mafiga toleo la nne.

Bwana wa mstari wa pili ameomba kusema neno, kama rafiki wa familia. Kikao kimemkubalia kwa sharti moja: aanze kwa kututajia aliyeandika Mafiga. Mama anataka kusikia, na leo hasinzii.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani. Wewe, njoo. Kipaza sauti ni hiki.