Bakoly Ravelonarivo, Mpima Asili ya Mawe

Mchungaji, ndugu waombolezaji, na ninyi wazee wa ukoo wa Andriamahery mliokubali kumpokea binti yetu katika kaburi lenu, mimi ni Solofo, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake, na niseme mapema kwamba naisoma nikiwa na hasira.

Bakoly Ravelonarivo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 mjini Ambositra, mtoto wa kwanza wa mchonga mbao Ravelo na mama yetu Razanamalala, akasoma shule ya misheni hapo hapo, akaendelea na sekondari Fianarantsoa, na mwaka 1990 akahitimu elimu ya miamba chuo kikuu, Antananarivo.

Mwaka 1995 aliajiriwa katika maabara ya vito jijini, kazi yake ikiwa kupima mawe ya rangi na kutamka yametoka nchi gani, maana yakuti la samawati lenye cheti cha Ceylon, kisiwa cha Asia chenye sifa ya mawe hayo, hupata bei ambayo la kwetu halioni hata ndotoni. Alitazama kwa hadubini vijipunje vilivyofungwa ndani ya jiwe, akalipitisha kwenye mashine inayosoma kiasi cha chuma na madini mengine, akalinganisha na mawe aliyoyaokota mwenyewe machimboni, na asipopata uhakika aliandika kwamba asili haikuthibitika. Wachuuzi walimbembeleza, "Mama, andika tu Ceylon, tusisumbuane," naye akawajibu, "Baba, chukua jiwe lako, mlango ule pale."

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa hapa Betafo na Tovo Andriamahery, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mtoto mmoja, Miangaly, aliyezaliwa mwaka 1996, tuliye naye hapa mbele. Mwaka 1999, mshahara wa ualimu ulipokuwa haufiki mwisho wa mwezi, shemeji Tovo aliacha chaki akaenda kuchimba Ilakaka, kwenye machimbo ya yakuti kule kusini, akamtumia mkewe kijiwe cha samawati kutoka shimo lake, na tarehe 22 Februari 2001, mvua ikinyesha, shimo likamfukia. Wenzake walichimba hadi maji yakawashinda, wakatawanyika, na baadaye hakuna aliyeweza kutuonyesha ni shimo lipi kati ya maelfu.

Mwaka 2006 ukoo ulipofungua kaburi kuwavika wafu sanda mpya, kama desturi yetu ilivyo, ngoma zikipigwa, kila mjane alikuwa na wa kumvika, ila Bakoly alikaa na sanda yake ya hariri mapajani, na mama mkwe wake akamwambia, "Mkwe wangu, unajua mawe ya watu yanakotoka, basi nitafutie mwanangu."

Akamtafuta. Kila likizo alishuka Ilakaka, akaokota kokoto shimo kwa shimo, akazilinganisha na kijiwe cha mumewe, na kila mara alirudi mikono mitupu, kwani mito ya kale imechanganya mawe ya bonde lote, na vipimo vinavyoweza kutaja nchi haviwezi kutaja shimo. Alilijua hilo tangu mwanzo, aliwafundisha hata vijana wa maabara, na bado alikwenda.

Mwaka 2012 mchimbaji Remanintsy, aliyefanya kazi na Tovo, alituonyesha mahali alipodhani ndipo, tukachimba, tukapata mifupa. Sampuli ya mifupa tuliyoipeleka ng'ambo kupimwa vinasaba ilirudi bila jibu, maji yalikwisha kuiharibu, na kokoto za hapo zililingana na kijiwe cha Tovo kama zilivyolingana nacho za mashimo mengine yote. Nilimpigia magoti nikamwambia, "Dada, ndiye huyu, mchukue twende nyumbani." Akanijibu, "Na kama ni mume wa mwingine, Solofo, mwenzangu atamtafutia wapi?" Mifupa ikarudishwa ardhini palepale, dada akalia njia nzima hadi Fianarantsoa, nami hasira ya siku hiyo ninayo hadi leo.

Januari 2018 alibainika kuwa na kansa ya ini, akatibiwa Antananarivo, na tarehe 11 Agosti 2019, saa nne asubuhi, akafariki. Siku zake za mwisho hakuuliza habari za dawa, aliuliza jambo moja tu, "Hivi nilimwacha yeye kule?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia wali na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa maabara, na Remanintsy, aliyesafiri kutoka kusini akiwa mgonjwa.

Jana nilisema mbele ya ukoo kwamba sasa twende tukailete mifupa ile, ilazwe karibu naye, maana wa kutukataza hayupo tena, na wazee wakaniunga mkono. Miangaly akasimama akasema, "Mjomba, mkimlaza mgeni pale, siku baba akipatikana mtamweka wapi?" Basi leo tunamlaza Bakoly, na upande wake wa kulia hatumweki mtu.

Dada, ulichokitafuta hatukukupatia. Pumzika kwa amani hivyo hivyo.